Shamba Kwanza, Jembe Baadaye: Jinsi ya Kuchagua Ujuzi wa Kuandika Programu za Kompyuta

Kila mara matokeo ya mtihani wa KCSE yanapotangazwa, swali moja hurudi katika nyumba nyingi: kijana asomee nini kitakachompa kazi? Miaka hii jibu linalosikika sana ni "asomee kompyuta", hasa kuandika programu. Matangazo ya kozi yamejaa kwenye simu na kwenye nguzo za stima. Kuna kozi za wiki sita na kuna za mwaka mzima, na karo ya baadhi yazo hufika makumi ya maelfu ya shilingi. Mzazi huuza ndama au huchukua mkopo wa chama ili mtoto ajiandikishe. Mwaka ukiisha, kijana anaweza kujikuta amegusa lugha tatu za programu bila kuweza kufanya kazi yoyote kwa hata moja kati yazo. Pesa zimekwenda, na ndama hayupo.

Somo hili linaeleza jinsi ya kuchagua kwa utaratibu kabla ya kulipa. Halitaji lugha moja kuwa bora kuliko nyingine zote, kwa sababu hakuna iliyo hivyo. Linaonyesha kazi zilizopo, ujuzi unaotakiwa katika kila kazi, na jinsi mkazi anavyoweza kujipima kwa gharama ndogo.

SWALI LA KWANZA SI LUGHA

Lugha ya programu ni njia ya kuiandikia kompyuta maagizo. Lugha hizo ni nyingi, na wanaozitumia hubishana juu yake kama mashabiki wa kandanda. Mwanafunzi mpya akisikiliza ubishi huo hupoteza miezi akihama kutoka lugha moja hadi nyingine.

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Mkulima hutazama shamba kwanza: ni la mpunga au la mahindi, udongo wake ni mzito au mwepesi. Akishajua shamba, jembe halimsumbui. Vivyo hivyo, mwanafunzi aanze kwa kuuliza ni kazi gani anataka kuifanya na ni nani atakayemlipa kwa kazi hiyo. Lugha itafuata.

MALIPO YA SOKONI: KAZI MOJA, UJUZI WA AINA TANO

Tuchukue mfano wa mfanyabiashara wa nyanya anayelipa ada ya soko kwa M-Pesa. Kwake yeye jambo ni rahisi: ujumbe unatokea kwenye simu, anaweka nambari ya siri, anapata risiti. Nyuma ya tendo hilo kuna sehemu tano, na kila sehemu ina mtu aliyeitengeneza.

Sehemu ya kwanza ni ile inayoonekana. Karani wa soko anaweza kuwa na ukurasa kwenye simu ambapo anaandika nambari ya mfanyabiashara na kubonyeza "Omba malipo". Ukurasa wa tovuti hutengenezwa kwa HTML, CSS na JavaScript. Programu ya kusakinishwa kwenye simu ya Android huandikwa mara nyingi kwa Kotlin au Java. Kwa mwenye simu ya kitufe isiyo na intaneti, hutumika huduma za USSD, zile zinazoanza kwa nyota na kuishia kwa alama ya reli kama *334# ya M-Pesa.

Sehemu ya pili ni seva, yaani kompyuta inayopokea maombi na kufuata kanuni. Hapa ndipo huamuliwa ada ni kiasi gani kwa meza, kwa gunia au kwa gari. Python, PHP, Java na JavaScript zote hutumika kwa kazi hii. Hata menyu ya USSD huendeshwa na programu iliyo kwenye seva, wala si ndani ya simu ya mteja.

Sehemu ya tatu ni hifadhidata, mahali ambapo malipo yote huandikwa kwa majedwali. Lugha ya kuuliza na kupanga majedwali hayo ni SQL.

Sehemu ya nne ni mawasiliano kati ya mfumo mmoja na mwingine. Tangu mwaka 2017 Safaricom ina mlango unaoitwa Daraja, ambao huwawezesha watengenezaji wa programu kuunganisha mifumo yao na M-Pesa. Seva ya soko hutuma ombi kwa Daraja, mteja huweka nambari yake ya siri kwenye simu yake mwenyewe, kisha M-Pesa hurudisha jibu kwamba malipo yamefaulu au yamekataliwa. Mfumo wa soko hauioni nambari ya siri hata kidogo.

Sehemu ya tano ni ripoti. Jioni msimamizi anataka kujua soko limekusanya kiasi gani na ni siku gani mapato hushuka. Kazi hiyo hufanywa kwa SQL, kwa majedwali ya kawaida ya kompyuta na kwa Python.

Anayeanza hahitaji kuzijua sehemu zote tano. Anatakiwa kuchagua moja aifahamu vizuri, na ajue jirani zake wanafanya nini ili waelewane.

LUGHA ZINAZOTAJWA MARA KWA MARA

HTML na CSS hupanga maandishi, picha na rangi za ukurasa wa tovuti. Ndizo rahisi zaidi kuanza nazo, na matokeo huonekana papo hapo. Peke yake hazitoshi kumpa mtu ajira ya kudumu, lakini hufungua mlango.

JavaScript ilitoka mwaka 1995. Ndiyo lugha inayofanya kurasa za tovuti ziitikie mguso wa mtumiaji, na leo hutumika hata kwenye seva. Anayetaka kazi ya kutengeneza tovuti hawezi kuikwepa.

Python ilitolewa mwaka 1991 na Mholanzi Guido van Rossum. Maandishi yake ni mafupi na husomeka kwa urahisi, ndiyo maana shule na vyuo vingi huanza nayo. Hutumika kwa kuchambua data, kwa seva na kwa akili unde.

SQL ilizaliwa katika miaka ya 1970 kwenye kampuni ya IBM. Benki, hospitali, sako na ofisi za serikali huweka rekodi katika hifadhidata zinazoielewa. Huzungumziwa kidogo katika matangazo ya kozi, ilhali hutajwa sana katika matangazo ya kazi.

PHP ni ya mwaka 1995. Wengi huisema kuwa imezeeka, lakini WordPress, inayoendesha tovuti nyingi za biashara ndogo, shule na mashirika, imeandikwa kwa lugha hiyo. Kwa anayetaka wateja wa karibu, hilo si jambo dogo.

Java ilitoka mwaka 1995, na hutumika katika mifumo mikubwa kama ya benki na ya afya. Kotlin ni ndugu yake mdogo. Mwaka 2019 Google ilitangaza kuwa itaipa Kotlin kipaumbele kwa programu za Android, mfumo unaoendesha simu nyingi tunazoziona Kenya.

C ilibuniwa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Humfaa anayependa vifaa vyenyewe: vipima unyevu vya shambani, mita, pampu zinazojiwasha na mitambo midogo.

KINACHOPITA NA KINACHODUMU

Hofu ya wazazi wengi ni kwamba mtoto atajifunza kitu ambacho baada ya miaka mitatu kitakuwa kimepitwa na wakati. Hofu hiyo ina msingi. Flash ilikuwa ikitumika kote duniani kwa michezo na michoro ya tovuti, lakini kampuni ya Adobe iliacha kuihudumia mwishoni mwa mwaka 2020. Aliyekuwa anajua Flash pekee alilazimika kuanza upya.

Kwa upande mwingine, lugha ya COBOL ilibuniwa mwaka 1959 na hadi leo kuna benki zinazoitegemea. SQL imepita miaka 50 na bado ina kazi.

Mtu hawezi kubashiri kila lugha itakuwa wapi baadaye. Anachoweza ni kuweka uzito kwenye misingi ambayo haibadiliki kutoka lugha moja hadi nyingine. Misingi hiyo ni minne: kuhifadhi thamani kwa jina, kuweka masharti, kurudia kazi, na kugawa kazi kubwa katika vipande vidogo vyenye majina.

Katika mfano wa soko, "ada ya meza ni shilingi 50" ni thamani yenye jina. "Ikiwa mfanyabiashara ana gari, toza ada ya gari, la sivyo, toza ada ya meza" ni sharti. "Kwa kila mfanyabiashara aliye kwenye orodha, angalia kama amelipa leo" ni kurudia. "Tuma risiti" ni kipande cha kazi chenye jina, ambacho kinaweza kuitwa popote kinapohitajika. Anayeweza kueleza kanuni za soko kwa Kiswahili sanifu namna hiyo, bila kuacha mwanya, amekwisha kufanya sehemu ngumu ya kazi. Kuziandika kwa Python, PHP au Kotlin ni kubadilisha tahajia na alama. Ndiyo sababu lugha ya pili hujifunzwa kwa muda mfupi kuliko ya kwanza.

MIFANO KUTOKA KENYA

Baada ya ghasia za uchaguzi mkuu wa 2007, mapema mwaka 2008 kundi la Wakenya lilitengeneza Ushahidi, mfumo wa kukusanya taarifa za wananchi na kuziweka kwenye ramani. Jukwaa la Ushahidi limeandikwa kwa PHP. Mfumo huo baadaye ulitumika katika nchi nyingine, zikiwemo Haiti baada ya tetemeko la ardhi la 2010. Haja ilikuwa ya haraka, na waanzilishi walichukua chombo kilichokuwa tayari mikononi mwao.

Mfano wa pili uko Eldoret. Mpango wa AMPATH ulikuwa ukihudumia maelfu ya wagonjwa wa Ukimwi na ulihitaji rekodi zinazoaminika. Kutokana na haja hiyo ulisaidia kuzalisha OpenMRS, mfumo wa rekodi za wagonjwa ulioanza kutumika hapo mwaka 2006. OpenMRS imeandikwa kwa Java. Mfumo wa KenyaEMR, unaotumika katika vituo vya afya nchini, umejengwa juu yake. Mfumo wa DHIS2, ambao Kenya iliusambaza kote nchini mwaka 2011 kwa takwimu za afya, nao umeandikwa kwa Java.

Kijana anayependa mambo ya afya ana jibu lake hapo: Java na SQL zitamfaa kuliko lugha inayosifiwa wiki hii mtandaoni. Isitoshe, mifumo hii ni programu huria. Yeyote anaweza kusoma msimbo wake bila malipo, akajifunza kutoka kwa waliotangulia, na hata akachangia marekebisho.

HATUA SITA ZA KUCHAGUA

1. Kusoma matangazo ya kazi. Mwanafunzi akusanye matangazo 20 ya kazi ambazo angependa kuzifanya, za Kenya na za mtandaoni. Achore jedwali na kuweka alama kila ujuzi unapotajwa. Jioni mbili zinatosha, na jedwali hilo lina faida kuliko ushauri wa matangazo ya kozi.

2. Kuangalia kifaa kilichopo. Kujifunza HTML na JavaScript kunahitaji kivinjari na mahali pa kuandika tu. Kompyuta kuukuu inafaa. Kutengeneza programu za Android kwa Android Studio kunataka kompyuta yenye kumbukumbu ya gigabaiti 8 au zaidi. Asiye na kompyuta hiyo asianze na Kotlin kisha akate tamaa akidhani ni yeye asiyeelewa. Mwenye simu pekee anaweza kuanza misingi ya Python kwenye simu, lakini ajue kwamba kabla ya kuanza kazi ya kulipwa atahitaji kompyuta, iwe yake, ya chuo, ya maktaba au ya saiba.

3. Kutafuta aliye karibu. Lugha ambayo fundi wa mtaani, mwalimu au jamaa anaijua ina thamani ya ziada, kwa sababu mwanafunzi akikwama atapata wa kumwuliza.

4. Kujaribu kabla ya kulipa. Kuna masomo ya bure mtandaoni, kama freeCodeCamp na kozi ya CS50 ya Chuo Kikuu cha Harvard. Mwanafunzi ajipe wiki nne, saa moja kwa siku. Kwa kuwa bando ni ghali, maandishi hula data kidogo kuliko video, na kurasa zinaweza kuhifadhiwa na kusomwa baadaye. Asiyeweza kuendelea wiki nne bila karo hataokolewa na karo.

5. Kukaa na lugha moja. Baada ya kuchagua, abaki nayo kwa miezi sita angalau. Atakapokutana na ugumu, na atakutana nao, asihame.

6. Kutengeneza kitu kinachotumika. Daftari la michango ya chama, rekodi za maziwa za chama cha ushirika, orodha ya wagonjwa wa zamu ya duka la dawa la mifugo: kazi ndogo kama hizi zikitumiwa na watu halisi humfunza mtu kuliko mazoezi kumi ya kitabuni. Msimbo wake auhifadhi kwa Git, chombo kilichobuniwa mwaka 2005 na ambacho sasa ni cha kawaida katika kazi hii. Mwajiri akiuliza "umefanya nini?", kuwe na cha kumwonyesha.

JE, AKILI UNDE ITAMALIZA KAZI HIZI?

Swali hili sasa huulizwa kila mahali. Programu za akili unde zinaweza kuandika kurasa nzima za msimbo kwa sekunde chache. Hilo limepunguza thamani ya kukariri alama na tahajia za lugha. Halijaondoa haja ya mtu anayeelewa kazi yenyewe.

Turudi sokoni. Wakati mwingine mtandao ukiyumba, jibu moja la malipo linaweza kufika kwenye seva mara mbili. Msimbo unaopokea jibu bila kukagua nambari ya muamala utaandika kwamba mfanyabiashara amelipa mara mbili, na hesabu ya jioni haitalingana na pesa zilizo benki. Msimbo wa namna hiyo unaweza kuonekana sawa kabisa, ukajaribiwa mara moja na kufanya kazi. Anayejua misingi atauliza, "Jibu likija tena itakuwaje?" Asiyejua ataukubali, na karani wa soko ndiye atakayeitwa ofisini kueleza pesa ambazo hazipo.

Kwa hiyo akili unde itumike kama msaidizi: kueleza kosa, kutoa mfano, kukagua kazi. Katika miezi ya kwanza mwanafunzi aandike mwenyewe kwanza, kisha alinganishe. Na asiweke humo majina, nambari za vitambulisho wala rekodi za watu. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inamhusu kila anayekusanya na kutumia taarifa binafsi, hata kama mfumo wake ni wa chama cha watu 15.

KABLA YA KULIPA KARO

Vyuo vya mafunzo ya ufundi vilivyo chini ya serikali za kaunti ni pa kuanzia kwa wengi, kwa kuwa viko karibu na karo yake ni nafuu. Kwa chuo chochote, cha umma au cha kibinafsi, mzazi na mwanafunzi waulize mambo yafuatayo:

- Je, chuo kimesajiliwa na mamlaka ya TVETA?
- Cheti kitatolewa na nani: KNEC, TVET CDACC, KASNEB, au chuo chenyewe tu?
- Mwanafunzi atakuwa kwenye kompyuta saa ngapi kwa wiki, na kompyuta moja inatumiwa na wangapi?
- Mwisho wa kozi mwanafunzi atakuwa ametengeneza nini?
- Je, wanafunzi wawili waliomaliza wanaweza kuzungumza na mzazi?
- Karo hulipwa kwa awamu, na mwanafunzi akiacha katikati inakuwaje?

Chuo kinachoahidi ajira ya hakika kitiliwe shaka. Vilevile, kazi ya mtandaoni inayodai mtu alipe kwanza ndipo aajiriwe ni ulaghai, hata kama tangazo lake lina nembo ya kupendeza.

Si kila anayependa kompyuta ni lazima aandike programu. Kuna kazi za kujaribu mifumo, kuhudumia watumiaji, kutunza mitandao na kusafisha data. Wenye ulemavu wa macho pia wana nafasi: programu ya NVDA, inayosoma kwa sauti kilicho kwenye skrini, hutolewa bure, na wapo wanaoandika msimbo kwa msaada wake.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Katika mfano wa malipo ya soko, ni sehemu ipi kati ya tano inayomvutia mwanafunzi zaidi, na kwa nini?
2. Ni ujuzi upi uliotajwa mara nyingi zaidi katika matangazo 20 aliyoyakusanya?
3. Je, kifaa alicho nacho kinatosha kwa ujuzi huo? Kama hakitoshi, atapata wapi kingine?
4. Aandike kwa Kiswahili, kwa sentensi tano, kanuni za kugawa faida ya chama mwisho wa mwaka. Kisha ampe mwanachama mwenzake asome: je, kuna mahali ambapo watu wawili wanaweza kuelewa tofauti?
5. Ni tatizo gani la kijiji, soko au familia yake analoweza kulitatua kwa programu ndogo ndani ya miezi mitatu?

Anayeweza kujibu maswali haya matano kwa maandishi yuko tayari kuzungumza na mzazi wake kuhusu karo. Anayeshindwa na mawili au zaidi arudi kwenye hatua ya kwanza. Itamgharimu jioni mbili tu, na ndama atabaki zizini hadi jibu lipatikane.